Barafu Lazima Itoke Jasho

Nyie vijana mnaofanya kazi kwenye stoo za dawa hapa Maskati, siku hizi mna raha. Chumba cha baridi kikipata joto kidogo tu, kuna kidude ukutani kinalia kama mtoto alobanwa na mlango, na simu ya bosi inalia, na simu ya bosi wa bosi inalia. Enzi zetu kidude kilikuwa mie. Mtu mzima na ndevu zangu, nimekaa mlangoni na kipimajoto mkononi, nikiona kinapanda napiga kelele mwenyewe. Na joto la Wattaya, ilipokuwa stoo yetu, la mwezi wa sita si la kuhadithiwa. Nimeona kuku anataga yai limeshaiva. Kivuli changu mwenyewe kilikuwa kinakataa kutoka nje, nakiacha ndani kinilindie mlango.

Mjukuu wangu Raya anasomea ufamasia, yuko chuo kikuu pale Al Khoudh. Mie nasema, yeye anaandika. Kwa nini siandiki mwenyewe mtajua.

Somo la kwanza nakupeni hapa hapa, kabla hamjaanza kusinzia. Ukifunga insulini, ile dawa ya wenye sukari, kwenye boksi la povu ili isafiri, vile vibao vya plastiki vyenye barafu ndani usivitie vikitoka tu kwenye friza. Vipange juu ya meza. Ngoja. Vitafuka moshi, vitafanya ukungu mweupe, kisha vitaanza kutoka jasho. Ngoja tena. Chukua kimoja ukitikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, kloch kloch, hapo kishakuwa tayari. Halafu kata kipande cha katoni ukiweke baina ya barafu na dawa, visigusane, kama wachumba ambao ndoa bado. Basi. Mtoto wa skuli anaweza. Mie ilinichukua roho ya mtu kulijua hilo.

Bosi wetu tukimwita Khawaja. Ndivyo Waarabu wanavyomwita bwana asokuwa Muislamu, na mwenyewe akipenda hivyo. Jina lake hasa sikutajieni, nimeachiwa kama amana. Alikuwa mtu wa Baghdadi, mfupi, miwani kama vitako vya chupa, shati jeupe limepigwa pasi mpaka inzi akitua anateleza. Siku alonipa kazi aliniuliza masuala mawili tu.

"Abu Salim, unaogopa baridi?"

"Khawaja, mie mtu wa Unguja. Baridi nimeiona kwenye picha tu, nina hamu nayo."

Akacheka. "Na kusoma unajua?"

"Kama maji," nikamwambia. "Kiarabu na Kiingereza, chagua."

Hakunipa karatasi nisome. Ndo kosa la pekee nnalomjua nalo, na alilifanya kwa adabu.

Sasa ukweli. Mie chuo cha Kurani nlihifadhi sura zangu kwa masikio, na skuli nlikimbia siku ya tatu, mwalimu alikuwa na fimbo ndefu kuliko mnazi. Nikitazama maandishi naona sisimizi wanakwenda harusini. Lakini akili nlikuwa nayo. Dawa ya homa boksi lake lina mstari mwekundu, ya tumbo lina kijani, ya moyo lina alama kama kilima. Namba nazijua, namba hazina unafiki, kwa hivyo tarehe ya dawa kumalizika hainipiti. Ilotangulia kumalizika ndo inotangulia kutoka, na katoni haikai chini sakafuni hata iwe imechoka. Miaka yote sikuwahi kutoa boksi lisilokuwa lenyewe. Mfamasia wetu, Mister Thomas, mtu wa Kerala, Uhindini, akiniita bhai, yaani kaka, na alikuwa akinisifu mbele za watu: "Huyu Seif bhai anasoma haraka kuliko mimi."

"Macho ya Kizanzibari, Mister," namjibu. Na watu wanacheka. Mie raha yangu watu wacheke. Nlikuwa nadhani mtu akishacheka, jambo limekwisha.

Khawaja Jumamosi alikuwa haonekani. Hashiki kalamu, hajibu simu, gari haliwashi. Enzi hizo nchi nzima Jumamosi ni siku ya kazi. Mie nikaeneza khabari kwamba ana mke mwengine Suhar. Nikampa na jina huyo mke, nikampa na watoto watatu. Mpaka siku Mister Thomas akanivuta pembeni.

"Seif bhai, acha maneno. Khawaja ni Myahudi. Jumamosi kwao kama Ijumaa yenu."

Nikashika kichwa. Wiki ilopita mke wangu alikuwa kampelekea Khawaja sahani ya pilau ya kamba, kamba wakubwa kama mkono, na kamba wao hawali. Khawaja alinambia, "Imefika mahala pake, mwambie mama Salim ahsante." Kumbe mahala pake palikuwa tumbo la Thomas. Na siku serikali ilipohamisha mapumziko yakawa Ijumaa na Jumamosi, nlimwambia, "Khawaja, nchi nzima imekufuata wewe." Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Ndo kicheko chake kikubwa nlichokiona, na hata hicho kilikuwa na maji ndani.

Kwao walikuwa na duka la dawa, baba yake na babu yake. Yeye alikulia chini ya meza ya kupimia, anasaga dawa kwenye kinu cha shaba. Ulipokuja wakati mbaya kwa watu wa dini yake, walitia saini karatasi kwamba hawatorudi tena, wakapewa ruhusa ya sanduku moja moja. Akaenda London, akaosha chupa kwenye kiwanda cha dawa, akapanda mpaka akawa na kiwanda chake. Angeweza kuishi popote. Akaja hapa.

"Kwa nini Maskati, Khawaja?" nlimwuliza siku moja tunashusha mzigo.

"Ni kama kukaa nyumba ya jirani," akasema. "Kwetu huoni ndani, lakini harufu ya jikoni unaisikia."

Halafu akanambia, "Baba yangu aliwapa mtaa mzima dawa ya kikohozi, alonacho na asonacho. Siku tulotoka, Abu Salim, nyuma ya kila dirisha nlisikia mtu anakohoa. Hakufungua hata mmoja."

Mie nikataka kutia mzaha, haukuja. Nami nlitoka Unguja hivyo hivyo, kijana, na kitu nlichoshika mkononi. Lakini mie nlipofika hapa niliambiwa nimerudi kwetu kwa babu zangu, ingawa kwetu kwenyewe sikuwahi kukuona na Kiarabu changu kilikuwa kinawachekesha hata mbuzi. Yeye akasema, "Wewe walikutoa kwenu wakakuleta kwenu. Mimi wamenitoa kwetu, wakanileta kwenu."

Sasa sikilizeni desturi yake moja, kwa sababu kila kitu kimetokana na hiyo. Pale mlangoni mwa stoo palikuwa na rafu. Khawaja akiagiza dawa zitiwe kwenye mifuko ya karatasi, juu yake jina la dawa tu, jina la mtu hakuna. Mwenye shida anakuja na cheti cha daktari, Thomas anakitazama, anamwambia, "Mfuko wa pili." Mtu anachukua anakwenda zake. Khawaja akiwapo anageuza uso ukutani. Kabisa! Bosi mwenye kiwanda London, kasimama anatazama rangi ya ukuta. Alisema katika dini yake sadaka bora ni ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji na mpokeaji hamjui mtoaji. Nikamwambia na sie tumefundishwa, mkono wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. "Basi tumesoma kitabu kimoja," akasema. Mie kitabu nlikuwa sijasoma chochote.

Nlikuwa na dada yangu Unguja, Zuwena, kitinda mimba wetu. Yeye hakutoka, alikuwa kaolewa huko upande wa shamba. Alikuwa na sukari. Siku moja nikamwambia Khawaja kwamba hospitali yao ndogo insulini inakaa miezi haifiki. Hakuniuliza dada yangu anataka ngapi. Aliniuliza, "Wako wangapi kama yeye?"

"Wengi, Khawaja."

Basi ikawa kila baada ya wiki chache linakwenda boksi la povu kwa ndege. Karatasi za forodha zinabaki kwa wakala, boksi lenyewe linafika hospitali halina jina la mtu. Si la kampuni, si la Khawaja, si langu. Na akanifunga ulimi: "Hata dada yako usimwambie." Nikaapa. Zuwena akijidunga dawa nlofungua mlango ikatoka, na hajui.

Maboksi haya ya baridi akiyafunga Thomas mwenyewe. Mie kazi yangu kuyabeba. Mpaka mwaka mmoja, wakati wa joto, Thomas akapata likizo ya miezi miwili kwenda kwao. Akabandika karatasi ukutani, maandishi kutoka juu mpaka chini.

"Kila kitu nimeandika, Seif bhai. Soma, kama kuna usichoelewa niulize sasa."

Nikasimama mbele ya ile karatasi, mikono nyuma, kama mkubwa anayekagua gwaride. Nikatikisa kichwa. "Iko wazi, Mister. Safiri salama."

Ningeweza kumwuliza mtu. Wanangu, hapo ndipo. Hapo! Ningemwambia dereva tu, "Nisomee, miwani nimesahau." Lakini mie ndo Seif, macho ya Kizanzibari.

Basi nikafunga kwa akili yangu. Na akili yangu ilikuwa hivi: nje kuna moto, dawa inataka baridi, barafu ni baridi, basi barafu zaidi ni rehema zaidi. Sie tulokulia Unguja, barafu kwetu ilikuwa kitu cha sikukuu, inaletwa kwenye gunia la maranda, mtoto akipata kipande anakishika mpaka mkono unakufa ganzi hataki kukiachia. Nani kati yetu angefikiri barafu inaweza kudhuru? Nikachukua vibao vikavu, vimetoka friza vinalia krr, nikavibana na vichupa ubavu kwa ubavu. Kila Thomas alipotia vinne mie nlitia vinane. Nilipokuwa nafunga nikasema, "Zuwena, kaka yako huyo anakupepea." Maboksi matatu katika miezi miwili. Nlifunga kwa mapenzi, na mapenzi yangu yaligandisha kila tone.

Insulini ikishaganda imekufa. Ikiyeyuka unaiona bado dawa, kichupa kile kile, kifuniko kile kile. Lakini imekufa.

Nlikuwa soko la Mawaleh siku alonipigia Zuwena. Nimeshika tikiti maji, nalipiga makofi kusikia kama limeiva, na muuzaji ananikodolea. Simu ikalia.

"Kaka Seif, wewe mtu wa madawa, hebu nambie. Hii sindano siku hizi naona kama najidunga maji. Wiki ya tatu sasa. Kiu haishi, macho yana ukungu, na mguu una kidonda hakifungi."

"Zuwena, punguza halua."

"Wallahi halua sijaitia mdomoni tangu Idi kubwa!"

"Basi punguza hata kuiota."

Akacheka. Zuwena akicheka, anacheka mpaka anakohoa, na mie huku nikacheka, na yule muuzaji hajui kitu naye akacheka. Nikanunua tikiti langu nikenda nyumbani. Hicho kicheko ndo kitu cha mwisho nlichokisikia kutoka kwake. Hakupiga tena. Nani atapiga tena kuuliza jambo ambalo kaka yake, mtu wa madawa, kishalifanyia mzaha?

Alianguka jikoni, na hakuamka. Nikenda Unguja kwenye matanga. Siku ya kuondoka, mwanawe, Mwanaisha, akanipa chupa ya chai imefungwa vizuri.

"Mjomba, hizi dawa za mama zimebaki. Nimezivingirisha kitambaa cha maji zisipate joto. Zipeleke huko kazini kwako, atapata mgonjwa mwengine. Haramu kutupa dawa ya watu."

Mtoto huyo alifunga dawa vizuri kuliko mie.

Thomas alikuwa kesharudi. Nikamwekea vile vichupa mezani. Akakishika kimoja akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akakigeuza polepole. Insulini ile ya maziwa, ukiigeuza inatakiwa iwe sawasawa kama maziwa. Ile ilikuwa na vipande vipande, vimegandia kwenye kioo kama umande wa friza.

"Imetoka wapi hii?"

"Kwa marehemu dada yangu."

"Hii iliganda. Nani alifunga boksi?"

"Mie."

"Vibao vilitoka jasho?"

"Jasho la nini, Mister? Mie ndo nlotoka jasho." Na nikacheka. Nikacheka! Kinywa changu mie hakina adabu, kinatangulia mbele ya roho.

Thomas hakucheka. Akenda ukutani, akabandua ile karatasi, akanipa. "Nisomee."

Nikaishika. Nikawatazama wale sisimizi. Nikatazama gundi ilobaki pembeni, nikatazama vidole vyangu. Akaichukua taratibu, akanionyesha mstari wa kwanza, ule wa kungoja vibao vitoke jasho, umepigwa mstari chini mara mbili. Kisha akalichukua boksi la insulini lenyewe, boksi nlilolishika miaka na miaka, nlilolijua kwa rangi, akanionyesha ubavuni maneno matatu ya Kiingereza. "Isigandishwe. Kila boksi, Seif bhai. Kila boksi limeandikwa."

Tukenda kwa Khawaja. Nlikuwa nataka anitukane. Nlikuwa nimejiandaa kwa matusi, matusi nayaweza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya katoni, yeye asiyekaa juu ya katoni.

"Kwa nini hukunambia husomi?"

"Nlikhofu utanicheka, Khawaja."

"Wewe? Ulikhofu kuchekwa?"

Mtu anayechekesha dunia nzima, kumbe anachagua mwenyewe wacheke nini.

Nikamwuliza, "Ndo nimemuua?"

Thomas akasema sukari ina mambo mengi, huenda moyo, huenda kile kidonda. Khawaja akamzuia kwa mkono. "Hatujui," akasema. "Hatutajua. Na wengine wote walojidunga yale maboksi matatu, hao hatujui hata majina. Waliona dawa haifanyi kazi, na wampigie nani? Mimi nlificha mlango ili mtu asione haya kuingia. Kumbe nimeuficha hata kwa mwenye kuomba msaada." Akavua miwani. "Baba yangu akimpa mtu dawa mbaya, mtu anarudi kumpigia kelele dukani. Ndo ilivyo salama. Kelele ndo salama."

Hakunifukuza. Hilo mpaka leo sijamsamehe.

Akapiga simu mwenyewe hospitali ile, wakatupa chupa zilobaki. Kisha akaacha desturi yake. Kila boksi likawa na karatasi juu: jina lake kamili, namba ya simu, dawa ikiwa na kasoro nipigie. Jina lote, jina la baba, jina la ukoo. Aloliona akajua ni mtu wa dini gani. Boksi la kwanza likapokewa, hakuna alosema kitu. La pili lilirudi. Halikufunguliwa. Mtu fulani, sijui ni wa uwanja wa ndege au wa hospitali au mpita njia tu, kaandika juu yake. Nikamwuliza Thomas kimeandikwa nini, akasema, "Hawataki." Insulini nzima, imefungwa vizuri, barafu imetoka jasho, imekaa uwanjani juani mpaka imepikika.

Khawaja akalitazama lile boksi. "Kumbe jina langu nalo barafu," akasema.

Siku ya pili akanambia, "Abu Salim, andika jina lako wewe." Kisha akakumbuka, akamwita Thomas aandike.

Basi hivyo ndo nlivyokuwa mfadhili. Usicheke, Raya, andika. Maboksi yote yalokwenda baada ya hapo juu yake pameandikwa Seif wa Maskati. Yakapokewa kwa shangwe. Hospitali wakanipigia kunishukuru. Msikiti wa kule wakaniombea dua Ijumaa. Na Mwanaisha akapiga analia: "Mjomba, kumbe ni wewe! Basi na zile za mama zilikuwa zako, na hukusema! Mama kafa hajui kama kaka yake ndo aliyekuwa anamtibu!"

Na mie nikasema nini? Nikasema, "Mwanangu, mkono wa kushoto usijue." Sadaka ya Khawaja na maneno ya Mtume, nimevifanya pazia.

Thomas alijaribu kunifundisha kusoma, kwa amri ya Khawaja, saa moja kila siku baada ya kazi. Kichwa kilikuwa kimeshakauka. Nlichoshika mpaka leo ni yale maneno matatu ya ubavuni mwa boksi. Niletee gazeti la Kiingereza, kama hayamo hayo matatu, mie na mbuzi sawa.

Khawaja alikufa hapa hapa Maskati, hospitali. Alikuwa ametamani alazwe karibu na babu yake, lakini huko alikotia saini hakurudi hata maiti. Mtoto wa ndugu yake akaja kumchukua ampeleke London. Mie na Thomas tukenda naye mpaka mizigo ya ndege, kaunta ile ile nlipokuwa napeleka maboksi ya povu. Nlikuwa najua kila tofali pale. Sanduku likawekwa juu ya mzani, likabandikwa karatasi.

"Kimeandikwa nini?" nikamwuliza Thomas.

"Jina lake."

"Lote?"

"Lote."

Ndo sanduku la mwisho kwenda kutoka kwetu na jina lake likiwa ubavuni. Sijui huko kama kulikuwa na mtu dirishani akikohoa.

Stoo ikauzwa. Wenye kununua ni watu wazuri, wana vile vidude vya kulia. Rafu ya mlangoni waliing'oa, wameweka mashine ya kahawa. Maboksi ya Unguja yakaisha. Mie nikastaafu. Na Mungu naye ana mzaha wake: miaka miwili nyuma daktari kanambia nina sukari. Kila asubuhi Raya ananitolea kichupa, nami nakipeleka dirishani nakigeuza kwenye mwanga. Raya ananambia, "Babu, imetoka duka la dawa sasa hivi, ni nzima." Naigeuza tena. Namtafuta Zuwena kwenye kioo.

Mwanaisha hupiga kila Ijumaa baada ya Swala. Sasa ni mtu mzima, mwalimu wa skuli, ana watoto. Ijumaa hii ilopita sauti yake haikuwa yake.

"Mjomba, na mie wamenikuta nayo. Ya mama. Nimeanza sindano."

Nikafungua mdomo. Wallahi nlikuwa nimeshaamua. Miaka yote hii nlikuwa nasema, Ijumaa ijayo. Nikasema, "Mwanaisha, sikiliza, mama yako..." Na nikasikia mzaha wa halua unakuja wenyewe, ule ule, unapanda kooni kama haujui umefanya nini. Nikaumeza. Lakini nilipoumeza ule, na mengine yote yakashuka nao.

"Mama yangu nini, mjomba?"

"Mama yako alikuwa akicheka vizuri," nikasema. "Kabla ya kujidunga, kipeleke kichupa kwenye mwanga. Kigeuze. Ukiona vipande vimegandia kwenye kioo, usitie. Tupa. Hata kama kaandika nani juu yake."

"Umejuaje haya yote, mjomba?"

"Kazini, mwanangu."

"Mungu akulipe," akasema. "Mama angekuwa na mtu wa kumwambia hivi, leo angekuwapo." Akakata.

Basi nyie vijana, mtanisamehe. Nlikwiteni kukufundisheni kazi, na kazi yenyewe ni ile niloisema mwanzo: ngoja barafu itoke jasho, weka katoni baina, na karatasi usiyoielewa mpe mtu akusomee, akucheke mpaka achoke. Lililobaki si lenu. Nyie mmekaa tu baina yangu na mtu mmoja, kama ile katoni, nisimguse na baridi yangu moja kwa moja. Raya ananiuliza akimaliza kuandika ampelekee nani. Nimempa namba ya Unguja. Mie sikuweza kumwambia, na kusoma siwezi. Lakini Mwanaisha mwalimu. Mwanaisha anajua kusoma.